Kutoka karatasi hadi hifadhidata: mnyororo wa XSLT uliojengwa Eldoret

Juma hili tunaziweka kando habari za simu mpya na turudi nyuma kidogo kwenye historia. Kuna swali ambalo karibu kila anayejifunza XSLT hukwama nalo: data yangu inatoka sehemu mbili au tatu, na kazi ya kuigeuza haiwezi kumalizika kwa hatua moja. Nifanyeje?

Vitabu vingi hujibu kwa mifano ya maduka ya vitabu na orodha za santuri. Mimi niko Milimani, Nakuru, na mfano unaonivutia kuliko hiyo uko mwendo wa kama saa tatu kwa matatu kutoka hapa. Panda Timboroa, pita Burnt Forest, uingie Eldoret. Huko, kuanzia mwaka 2006, rekodi za wagonjwa wa Ukimwi zilipita kwenye mnyororo wa mageuzi ambao XSLT ilikuwa kiungo chake cha katikati. Tuutazame mnyororo huo kiungo kwa kiungo, kwa sababu waliouunda walikuwa na swali lilelile lako, ila wao wakikosea mgonjwa angeweza kupewa matibabu yasiyo yake.

XSLT kwa wale wageni

XSLT ni lugha ya kugeuza hati ya XML kuwa kitu kingine: XML ya umbo tofauti, ukurasa wa HTML, au maandishi matupu. Unaandika faili ya kanuni, inaitwa stailishiti, halafu prosesa inasoma hati yako kama mti wenye matawi na kwa kila tawi inauliza: kuna kanuni inayohusu hapa? Toleo la 1.0, lililohaririwa na James Clark, lilipitishwa na W3C tarehe 16 Novemba 1999, siku moja na XPath 1.0.

Toleo hilo lilikuwa na jibu zuri kwa nusu ya swali letu. Ukiwa na chanzo cha pili cha data, unakiita kwa document(). Tuseme hati yako ina namba za vituo vya afya tu, na majina yake yako kwenye faili nyingine:

<xsl:variable name="vituo" select="document('vituo.xml')"/>
<xsl:value-of select="$vituo//kituo[@namba = current()/@kituo]/jina"/>

Basi, umekwisha. Nusu ya pili ndiyo iliyotoa watu jasho. Katika 1.0, ukihifadhi matokeo ya hatua ya kwanza ndani ya kigeu, huruhusiwi kutembea tena ndani yake kama mti. Unaweza kuyanakili au kuyasoma kama maandishi, lakini kuyatafutia matawi huwezi. Kwa hiyo hatua ya pili haikuweza kusimama juu ya hatua ya kwanza ndani ya stailishiti moja. Wengine walitumia nyongeza iitwayo node-set(), na wengine waliziunganisha stailishiti mbili kwa paipu nje ya XSLT:

xsltproc safisha.xsl fomu.xml | xsltproc geuza.xsl -

Toleo la 2.0, lililohaririwa na Michael Kay, liliondoa kizuizi hicho tarehe 23 Januari 2007. Lakini watu wa Eldoret walikuwa wameshaanza kazi kabla ya hapo. Twende huko.

Mosoriot, 2001

Mosoriot ni kituo cha afya huko Nandi, si mbali na Eldoret. Mwaka 2001 ulianza kutumika pale mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa uliobuniwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Joseph Rotich wa Moi, Terry Hannan wa Australia na William Tierney wa Indiana ni baadhi ya walioandika habari zake. Ulikuwa mfumo mdogo uliojengwa kwa Microsoft Access. Mgonjwa alikuja, fomu ya karatasi ikajazwa, karani akaiandika kwenye kompyuta.

Mwaka huohuo vyuo hivyo viwili, pamoja na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, vikaanzisha AMPATH, mpango wa kutibu watu wenye virusi vya Ukimwi. Mfumo wa Mosoriot ukapanuliwa ili uhudumie kliniki za mpango huo. Wagonjwa wakaongezeka hadi makumi ya maelfu, fomu zikaongezeka, na Access ikaanza kulemewa. Tena, kila mara madaktari walipotaka kuongeza swali kwenye fomu, mtu alilazimika kugusa meza za hifadhidata zenyewe.

Mwaka 2004 madaktari wawili wa taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Paul Biondich na Burke Mamlin, walifika Eldoret kuutazama mfumo huo. Kutokana na safari hiyo, na kwa kushirikiana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, ilizaliwa OpenMRS: programu huria ya Java inayotumia hifadhidata ya MySQL. Ilianza kazi Eldoret mwaka 2006, na mwaka huohuo ikaanza kutumika Rwanda.

Wazo lake kubwa lilikuwa kamusi ya dhana. Hifadhidata haina safu iitwayo "uzito" wala "CD4". Kila kinachoweza kuulizwa au kujibiwa ni dhana yenye namba. Katika kamusi ya Eldoret, uzito kwa kilo ni 5089, hesabu ya CD4 ni 5497, jibu la "chanya" ni 703 na la "hasi" ni 664. Daktari akitaka swali jipya, linaongezwa neno kwenye kamusi na meza haziguswi.

Fomu moja, vyanzo vitatu

Hapo ndipo tunaporudi kwenye swali letu la vyanzo vingi. Fomu moja iliyojazwa na karani ilibeba data kutoka sehemu tatu.

1. Kamusi ya dhana. Ilisema kila swali lina namba gani na linapokea jibu la aina gani: namba, tarehe, maandishi au chaguo.

2. Rekodi ya mgonjwa. Karani alipomtafuta mgonjwa na kufungua fomu, seva ilishajaza namba na jina lake kwa kutumia injini ya templeti iitwayo Velocity.

3. Karatasi ya kliniki. Haya ndiyo majibu yenyewe, ambayo karani aliyachapa kwa mkono.

Fomu ya kwenye skrini ilitengenezwa kwa InfoPath ya Microsoft. Kilichotoka baada ya karani kubonyeza kitufe cha kutuma kilikuwa hati ya XML. Hiki hapa kipande kidogo cha namna ilivyokuwa, chenye thamani za kubuni:

<weight_kg openmrs_concept="5089^WEIGHT (KG)^99DCT" openmrs_datatype="NM">
  <value>61</value>
</weight_kg>

Tazama vizuri. Namba ya dhana, jina lake na aina ya jibu vyote vimo ndani ya hati yenyewe. Wangeweza kuandika <weight_kg>61</weight_kg> tu, halafu stailishiti ikaitafuta kamusi kwa document() wakati wa kugeuza. Hawakufanya hivyo. Waliunganisha vyanzo mapema, kabla fomu haijajazwa.

Kuna tofauti gani? Kubwa. Kati ya karani kutuma fomu na fomu kushughulikiwa kuna muda unaopita, pengine dakika, pengine zaidi umeme ukikatika. Kama maana ya swali inatafutwa wakati wa kugeuza na kamusi imebadilishwa katikati, jibu la karani linaweza kupewa maana ambayo yeye hakuiona kwenye skrini. Maana ikisafiri pamoja na jibu, hati inabaki ushahidi wa kile karani alichoulizwa. Ukiifungua miaka mitano baadaye, bado inasomeka peke yake.

Gharama ipo: hati inanenepa, na maneno yaleyale yanarudiwa katika kila fomu. Kwa rekodi ya mgonjwa, gharama hiyo inafaa kulipwa. Kwa orodha ya bei za duka inayobadilika kila siku, ambapo unataka bei ya leo na si ya juzi, tumia document().

Kiungo cha XSLT

Sasa tunayo XML. Kwa nini isiingie moja kwa moja kwenye hifadhidata? Kwa sababu wajenzi walitaka hifadhidata ipokee data kwa lugha moja tu, itoke kwenye fomu, kwenye mashine ya maabara au kwenye mfumo mwingine. Lugha waliyochagua ni HL7 toleo la 2.5, kiwango ambacho hospitali nyingi duniani hukitumia kupashana habari. HL7 ya aina hiyo si XML. Ni mistari ya maandishi iliyogawanywa kwa alama ya |.

Kwa hiyo stailishiti ilisoma XML na kutoa maandishi matupu. Kipande chetu cha juu kiligeuka kuwa mstari kama huu:

OBX|1|NM|5089^WEIGHT (KG)^99DCT||61|||||||||20060516

OBX ni kipimo au uchunguzi, 1 ni namba yake ya mfululizo, NM maana yake jibu ni namba, kisha dhana, kisha jibu, na mwisho tarehe. Juu yake kulikuwa na mstari wa PID unaomtambulisha mgonjwa, mistari ya ziara yenyewe, na juu kabisa MSH, kichwa cha ujumbe.

Mtu anayejifunza anafaidika na jambo moja hapa. Stailishiti haikuwa na kanuni ya uzito, kanuni ya CD4 na kanuni ya joto la mwili. Ilikuwa na kanuni kwa kila aina ya jibu, na ilitafuta tawi lolote lenye openmrs_concept. Swali jipya likiongezwa kwenye fomu, kanuni zilezile zinalihudumia. Hii ndiyo faida ya kuunganisha vyanzo mapema: hatua ya kugeuza inabaki nyepesi.

Angalizo la fundi: ukigeuza XML kuwa maandishi yenye alama za kugawanya, kumbuka kwamba binadamu huandika chochote. Karani akichapa | ndani ya maelezo, ujumbe unakatika mahali pasipotakiwa. HL7 inataka alama hiyo iandikwe \F\ inapokuwa sehemu ya jibu. XSLT haikufanyii hilo yenyewe, ni juu yako.

Stailishiti ilihifadhiwa pamoja na fomu yake ndani ya hifadhidata, kila fomu na yake, ingawa nyingi zilitokana na ile ya kuanzia. Hapo ndipo Eldoret ilipoacha alama ambayo wengi hawaijui. Katika kichwa cha ujumbe, mahali pa kuandika kituo kinachotuma na kinachopokea, stailishiti ya kuanzia iliandika AMRS.ELD, yaani mfumo wa kumbukumbu wa AMPATH, Eldoret. Ukisoma majaribio ya msimbo wa OpenMRS, mradi ambao umetumika katika nchi nyingi, utakutana na jumbe za HL7 zenye AMRS.ELD. Jina la mji wetu wa Bonde la Ufa limekaa humo kwa miaka, likinakiliwa na watu ambao huenda hawajui ELD ni nini.

Paipu na foleni

Tuje sasa kwenye jambo ninalotaka uondoke nalo leo. Rudi kwenye ule mfano wa xsltproc na alama ya paipu. Ni nadhifu, ni wa haraka, na una udhaifu mmoja: matokeo ya katikati hayakai popote. Hatua ya pili ikifa, kilichotoka kwenye hatua ya kwanza kimepotea. Unaanza upya, kama chanzo bado kipo.

Eldoret haikutumia paipu. Ilitumia foleni. Fomu ilipofika kwenye seva iliwekwa kwenye foleni ya kwanza kama ilivyo, haijaguswa. Kazi iliyopangwa kujirudia kila baada ya muda iliichukua, ikaipitisha kwenye stailishiti, ikauweka ujumbe wa HL7 kwenye foleni ya pili, kisha ikaihamishia XML ya asili kwenye kumbukumbu ya zilizokwisha. Kazi nyingine tofauti iliuchukua ujumbe, ikauchambua, ikamtafuta mgonjwa, na ndipo ikaandika ziara na vipimo kwenye hifadhidata. Kila hatua ilikuwa na meza tatu: inayosubiri, iliyokwisha na iliyokosea.

Hiyo meza ya tatu ndiyo roho ya mfumo. Ujumbe unaotaja mgonjwa asiyepatikana, au dhana isiyokuwepo kwenye kamusi, haukutupwa wala haukuisimamisha kazi nzima. Uliwekwa pembeni pamoja na maelezo ya kosa. Msimamizi aliusoma, akarekebisha kilichohitaji kurekebishwa, akaurudisha kwenye foleni. Fomu nyingine mia zilizokuwa nyuma yake ziliendelea na safari.

Ukitaka kujua kosa limetokea wapi, unaangalia limelala kwenye meza gani. Likiwa kwenye makosa ya kwanza, tatizo ni fomu au stailishiti. Likiwa kwenye ya pili, mageuzi yalikamilika na tatizo ni maana: mgonjwa, dhana au tarehe. Mwenye kuandika programu moja ndefu ya kufanya yote kwa mkupuo hana anasa hiyo.

Kwa nini hili lina uzito

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 vurugu zilizuka. Burnt Forest na Eldoret ziliathirika mapema, na kabla Januari 2008 haijaisha moto ulikuwa umefika Nakuru. Watu walikimbilia kambi za wakimbizi wa ndani, zikiwemo za viwanja vya maonyesho vya Eldoret na vya hapa kwetu Nakuru. Miongoni mwa waliohama walikuwamo wagonjwa wa AMPATH, na dawa za kupunguza makali ya virusi hazitakiwi kurukwa.

Mtu anayekimbia usiku habebi kadi ya kliniki. Kinachoweza kumsaidia ni rekodi iliyo mahali pengine, inayosema alikuwa anatumia dawa zipi na alionwa mara ya mwisho lini. Ziara iliyokwisha kufika kwenye hifadhidata inaweza kutafutwa kwa jina au namba. Iliyokwama kwenye meza ya makosa nayo ipo, na ukiifungua XML yake utaisoma. Iliyopotea ndani ya paipu haipo kabisa, na hakuna atakayejua kwamba iliwahi kuwepo. Ukilitazama jambo hili ukiwa Nakuru, foleni na meza zake huacha kuwa mapambo ya wahandisi.

Kiungo kimoja kikibadilishwa

Mnyororo wenye viungo vinavyoonekana una faida nyingine, nayo ilionekana baadaye. InfoPath ilikuwa kiungo kigumu cha kwanza: ilihitaji Windows na leseni, jambo la ajabu kidogo kwa mradi wa programu huria. Mwandishi wa programu wa Uganda, Daniel Kayiwa, alitengeneza moduli ya XForms iliyowezesha fomu kujazwa bila InfoPath. Hakulazimika kugusa upande wa hifadhidata. Fomu zake zilitoa XML, XML ikageuzwa na XSLT kuwa HL7, na foleni zikaendelea kama kawaida. Microsoft ilipotangaza mwaka 2014 kwamba InfoPath haitakuwa na toleo jingine, jumuiya ya OpenMRS ilikuwa tayari na njia nyingine.

Njia mojawapo iliuacha mnyororo kabisa. Moduli ya fomu za HTML huandika majibu kwenye hifadhidata moja kwa moja, bila XSLT wala HL7 katikati. Ni rahisi zaidi kwa mtu anayejaza fomu akiwa ameunganishwa na seva, na anaona kosa papo hapo. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba mnyororo mrefu ni bora siku zote. Kama aliyeandika yupo mbele ya skrini na anaweza kurekebisha, mpe jibu mara moja. Kama ameshakwenda zake na data imebaki peke yake, mjengee foleni.

XSLT yenyewe haijafa. Enketo, programu ya kuonyesha fomu za utafiti kwenye kivinjari ambayo wengi wameitumia kupitia KoboToolbox na ODK, ilijengwa kwa stailishiti mbili zinazosoma fomu moja ya XForms: moja hutoa HTML ya kuonekana, nyingine hutoa muundo wa data. Chanzo kimoja, matokeo mawili! Na ingawa mwaka 2025 watu wa Chrome walitangaza mpango wa kuiondoa XSLT ndani ya kivinjari, kwenye seva, ambako kazi ya Eldoret ilifanyika, hilo haliigusi.

Ukitaka kujaribu mwenyewe

Chukua XML yoyote uliyo nayo, hata orodha ya wanachama wa chama chenu. Andika stailishiti mbili ndogo: ya kwanza isafishe na kuongeza majina kutoka faili ya pili kwa document(), ya pili itoe mistari yenye alama ya |. Usiziunganishe kwa paipu. Tengeneza folda tatu: inayosubiri, iliyokwisha na iliyokosea, na kila faili ihamie mahali pake baada ya kila hatua. Kisha iharibu faili moja makusudi, uone itaishia wapi.

Juma lijalo, Mungu akipenda na umeme ukiwepo, tutaandika ile stailishiti ya pili pamoja, mstari kwa mstari. Kwaherini kwa sasa.